Muulize Bibi Mwalimu: "Pesa ya wageni" niitoe au nisiitoe?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kuhusu maadili ya wanafunzi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa mahali ninapopajua, na mtaona kwa nini. Kwa wageni wa ukurasa huu: nimefundisha shule za msingi kwa miaka 39, tangu 1979, nyingi kati ya hizo mkoani Tanga. Nimestaafu 2018, lakini bado naamka saa kumi na moja kana kwamba niko zamu.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nauza mitumba hapa Morogoro. Binti yangu wa kwanza anamaliza kidato cha nne mwaka huu kwenye shule ya binafsi. Jumamosi iliyopita tuliitwa kikao cha wazazi. Baada ya kumaliza mambo ya mahafali, mwenyekiti akaleta kitu kinaitwa "pesa ya wageni", kila mzazi 40,000. Akasema wageni ni wasimamizi wa mtihani, tuwaweke vizuri ili wasiwabane watoto. Watu wakacheka, wakapiga makofi, ajenda ikapita. Watahiniwa ni 112. Mimi nilinyamaza. Nilipofika nyumbani nikamwambia binti yangu sitoi. Akalia. Akasema, "Mama, usipotoa nitajulikana, watanikalisha peke yangu." Baba yake yuko Mbeya kikazi, amesema kwenye simu nitoe yaishe. Bibi, nifanye nini?
Mama Binti, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kwanza tupige hesabu, maana nashangaa kikao kizima hakukuwa na aliyeipiga. 40,000 mara 112 ni 4,480,000. Hao wageni wanakula pilau gani la milioni nne na ushee? Msimamizi wa mtihani wa taifa analipwa posho na Serikali. Hadai wali wala soda kwa mzazi. Kwa hiyo hiyo pesa si ya chakula, na kila aliyepiga makofi pale alijua si ya chakula. Ndiyo maana walicheka. Mchango wa madawati hauchekewi.

Sasa nikueleze kwa nini najua. Mwaka 1996 nilipangwa kusimamia mtihani wa darasa la saba kwenye shule moja ya mbali, siitaji jina. Mkuu wa shule alitupokea kama wakwe. Kuku alichinjwa. Kabla hatujaingia vyumbani nikapewa bahasha ya kaki, ndani noti tano za shilingi elfu moja. Hakusema neno, na mimi sikuuliza. Mtihani wa Kiswahili ulipoanza, nikamwona anapita dirishani, anasimama, anashika kichwa. Anapita tena, anashika sikio. Kichwa A, sikio B, pua C, kidevu D. Watoto walikuwa wamefundishwa alama hizo vizuri kuliko walivyofundishwa ngeli. Mimi nikageukia ukutani nikasoma ramani ya Tanzania, mikoa yote, mmoja mmoja, kama mtu ambaye hajawahi kuiona.

Mstari wa mbele alikaa msichana mdogo mwenye mwandiko wa kupendeza. Swali lilitaka umoja wa neno "kucha". Alikuwa ameshachagua "ukucha", jibu sahihi. Kisha mkuu akapita dirishani akashika pua. Majibu ya mkuu, nadhani, yalikuwa yameandaliwa haraka stoo na mwalimu asiyejua. Yule msichana akalitazama jibu lake, akamtazama mkuu wake, akachukua kifutio, akafuta. Akaandika C.

Mama Binti, mtoto yule hakuiba kitu. Alikuwa nacho, akanyang'anywa. Kuanzia siku ile nilipata shida na maneno tunayopenda kusema sisi watu wazima, kwamba watoto wa siku hizi wamekosa maadili. Mtoto yule aliyakuta maadili yetu dirishani, akayatii. Bahasha nilinunulia viatu vya shule vya mwanangu wa pili. Ninakwambia haya ili usidhani nakujibu nikiwa juu ya mti.

Haya, turudi kwako. Usitoe. Ila usipige kelele kwenye kikao wala kwenye lile kundi la WhatsApp la wazazi, utakuwa umewapa watu mchezo wa kuigiza na hakuna kitakachobadilika. Nenda ofisini kwa mkuu wa shule, salimia, kaa, kisha sema uko tayari kuchangia na unaomba risiti ya shule iliyoandikwa kazi ya pesa hiyo kwa maneno yake yaleyale: pesa ya kuwaweka vizuri wasimamizi. Kaa kimya usubiri. Hiyo risiti haitaandikwa, nakuahidi. Ukiona wanakuzungusha, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wana namba 113, haikatwi hela.

Kuhusu hofu ya binti: mwambie watahiniwa hukaa kwa kufuata namba zao za mtihani, si kwa orodha ya waliochanga. Na wasimamizi hutoka shule nyingine. Hawamjui yeye ni mtoto wa nani. Hofu yake inatoka kwa watu wazima waliomwambia kwamba kutokulipa ni kujitenga.

Na baba yake anayesema "yaishe", mwambie hivi ndivyo yasivyoisha. Mwaka 2018, mtihani wa darasa la saba ulipovuja, Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba na ya shule nyingine kadhaa za Dar es Salaam na kwingineko. Watoto wakarudia tarehe 8 Oktoba. Watoto wa miaka kumi na mitatu, waliokuwa wameshachoma madaftari yao, wakaitwa tena darasani kwa kosa lililofanywa na wakubwa. Matokeo ya kidato cha nne cha 2022 yalipotangazwa Januari 2023, watahiniwa 337 walifutiwa, wanne kati yao kwa kuandika matusi kwenye karatasi za majibu na waliobaki kwa udanganyifu. Anayefutiwa ni mwenye namba ya mtihani. Mwenyekiti wa kikao hana namba ya mtihani.

Kuna jambo moja nilimsikia Katibu Mtendaji wa Baraza akilisema Januari hiyohiyo, nikatabasamu peke yangu sebuleni: kwamba hawatatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Watu walilalamika sana. Mimi nilijua shule zilizokuwa zinaishi kwa ile orodha. Ilikuwa inabandikwa getini, inaandikwa kwenye basi la shule, na ada inapanda. Orodha imeondoka, ila tabia iliyojengwa kwa ajili yake bado ipo, na ndiyo hiyo inayokuja kwako na jina la wageni.

La mwisho, na hili ni gumu kuliko risiti. Binti yako analia kwa sababu anaogopa kufeli. Hiyo 40,000 nunua pasti pepa, mafuta ya taa kama umeme unakatika, na saa ndogo ya mezani. Kaa naye jioni, mpe saa tatu kamili, asahihishiwe na mwalimu anayemwamini. Kisha mwambie, kabla ya mtihani na si baada yake, kwamba akipata divisheni foo ya jasho lake utaipokea na mtakaa mpange. Ukimwambia hivyo, maanisha. Watoto wanajua tukisema kwa mdomo tu.

Mhariri, naona mnawalea hawa vijana. Siku hizi hawasalimii, wamevaa suruali za kubana, simu masikioni. Mabinti wa vyuo ndio wamezidi, halafu wahadhiri wakiwataka wanalalamika. Zamani hatukuwa hivi.
Mzee Mstaafu, Tabora

Mzee mwenzangu, habari za huko. Kuhusu shikamoo niko upande wako, na mimi huwa nawaamkia kwanza hao wasioamkia, wanaona aibu wenyewe.

Kuhusu mabinti hapana. Mhadhiri anayedai mwili ili atoe alama anatenda kosa la jinai, na mtunga sheria hakuuliza binti alivaa nini. Soma Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25: faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote pamoja. Binti yeyote anayesoma hapa na yamemkuta, atunze meseji zote, asifute hata moja, amweleze mtu mmoja mzima anayemwamini, kisha apige hiyohiyo 113. Na kuhusu "zamani hatukuwa hivi", mzee, mimi na wewe tulikuwepo zamani. Tusidanganyane.

Shikamoo Bibi. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dodoma. Bumu, hela ya mkopo wa chuo, limechelewa, nadaiwa kodi ya geto miezi miwili. Kuna bosi mmoja, ofisa wa wilaya, anasoma uzamili jioni. Amenipa ofa nimwandikie tasnifu yote, kuanzia sura ya kwanza mpaka mapendekezo, kwa 350,000. Wenzangu wanafanya, mmoja kanunua pikipiki. Mimi sioni kama naiba. Nauza nguvu zangu, kama fundi cherehani anavyoshona suti ya mtu mwingine. Nakosea wapi?
Mjukuu wa Dodoma

Marahaba mjukuu wangu. Umeniandikia kwa hoja, na mimi hoja huwa naiheshimu. Tuufuate mfano wako wa fundi.

Fundi akikushonea suti, ukivaa watu wanasema umependeza. Hawasemi umeshona. Sasa fundi huyohuyo aombwe ashone sare ya polisi, ampe mtu ambaye si polisi, naye anajua si polisi. Bado anauza nguvu zake tu? Tasnifu ni sare. Inasema: huyu ameuliza swali, amekwenda kijijini, amehesabu, amefikiri. Kwa sare hiyo bosi wako atapanda cheo, atapewa idara, na siku moja meza yake italetewa taarifa ya kisima chenye chumvi au zahanati isiyo na dawa, aisome aamue. Wewe ndiye utakuwa umemvisha.

Tena si siri ya watu wawili kama unavyodhani. Vyuo vingi sasa vinapitisha kazi kwenye programu za kukagua unakili, na vingi vina kanuni ya kumnyang'anya mtu shahada hata baada ya kuvaa joho. Ukifika huko, yeye atakuwa na wakili. Wewe utakuwa na meseji zako za "mkuu, sura ya tatu tayari, tuma nusu".

Nikuulize na mimi. Kazi zenu za vikundi, ule mtindo wa majina kumi juu na mwandishi mmoja chini, wewe huwa upande gani? Nina hakika ni mwandishi. Wanaopata ofa kama hizi ni wale wanaojua, wavivu hakuna anayewatafuta. Umekuwa unawabeba tisa bure tangu mwaka wa kwanza, leo mtu amekuja na hela kidogo na umeona afadhali yake. Nakuelewa kabisa. Njaa ya geto naijua, mwanangu wa tatu alisoma chuo kwa maandazi.

Mrudie huyo bosi na bei nyingine. Mwambie humwandikii, ila utamfundisha ile programu ya takwimu inayomtoa jasho, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa malipo ya saa. Kumchapia, kumpangia kurasa, kumsahihishia Kiingereza chake kilichopinda, hizo zote ni kazi halali mradi mawazo ni yake na msimamizi wake anajua. Akikataa, basi hakuwa anatafuta msaada. Kodi ya geto kazungumze na mwenye nyumba kabla hajakuja yeye. Wengi huongeza mwezi kwa mpangaji aliyejileta mwenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni ajira mpya, shule ya sekondari ya kata mkoani Kigoma. Nimepangiwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili kidato cha kwanza. Historia wanaipenda. Nikifika kwenye maadili, uaminifu, uwajibikaji, uzalendo, wananakili ubaoni kama wanakili orodha ya sokoni. Wengine wanacheka. Mwalimu wa nidhamu ananiambia nichukue fimbo. Nifundisheje?
Ajira Mpya, Kigoma

Marahaba mwalimu mwenzangu. Hilo somo nimelipitia kwa majina matatu. Nilianza nikilifundisha likiitwa Siasa, vyama vingi vilipokuja likawa Uraia, na miaka yangu ya mwisho likawa Uraia na Maadili. Sasa mtaala mpya umelifunga pamoja na historia, na kwa Kiswahili, jambo ambalo mimi naliona zuri. Watoto wananakili orodha kwa sababu umewapa orodha. Uaminifu haukuwahi kuwa nomino peke yake. Ni mtu fulani, siku fulani, alipokuwa na sababu nzuri ya kufanya kinyume.

Kwa hiyo tumia nusu wanayoipenda. Wasimulie tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine wameandamana Dar es Salaam wakiwa na majoho yao, hawataki kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyopangwa, pamoja na mengine wakilalamikia kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Bango moja limeandikwa kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere anawapokea, anawasikiliza, anakasirika. Anawafukuza zaidi ya 300, warudi kwao. Hapo watu wengi humaliza hadithi, tena kwa kufurahia kwamba watoto walitiwa adabu. Lakini vijana wale walikuwa wamesema kitu cha kweli pia: kwamba wakubwa wanakula mishahara minono huku wakiwahubiria wao kujitolea. Naye akakubali. Mshahara wake ukapunguzwa kwa asilimia 20, na wa mawaziri nao ukapunguzwa. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ikaja Elimu ya Kujitegemea.

Uliza darasa: nani alikuwa sahihi siku ile? Kisha uondoke mbele, ukakae dawati la nyuma. Hawatanakili, watagombana. Wapo watakaosema Mwalimu alionea, wapo watakaosema wanafunzi walikuwa mabwanyenye wadogo. Usiwape jibu. Mimi mwenyewe nimebadili mawazo mara mbili, na sasa naona adhabu ilizidi, ila ile asilimia 20 ndiyo iliyompa uso wa kuwaangalia. Asingeikata, angebaki mzee mwenye hasira tu.

Fimbo iache ukutani. Si kwamba mimi ni malaika, nimechapa sana, na mikono ya watoto wa miaka ya themanini inanijua. Lakini kanuni za 2002 ziko wazi: si zaidi ya viboko vinne, kwa kosa kubwa, mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au aliyemkaimisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila kiboko kiandikwe daftarini. Muulize huyo mwalimu wa nidhamu akuonyeshe daftari. Kucheka kwenye kipindi cha maadili si kosa kubwa. Pengine ni maoni.

Nikupe na mchezo mmoja niliouanzisha darasa la sita, mwaka gani nimeshasahau, darasa la watoto 47. Nilisahihisha jaribio la hisabati, kisha makusudi nikakosea kujumlisha karatasi za watoto kama kumi na tano. Niliwaongezea alama kumi kila mmoja. Nikazigawa bila kusema lolote, nikakaa mezani nasahihisha vitu vingine. Muda ukapita. Akaja mvulana mmoja, mtoto wa muuza samaki, akasimama na karatasi yake. "Mwalimu, hapa umejumlisha vibaya, nimepata 52, umeniandikia 62." Nikamshukuru, nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta 62 nikaandika 52. Darasa zima likaangua kicheko. "Mjinga huyo!"

Siku hiyo nilitaka sana kumrudishia zile kumi kama zawadi. Kalamu ilikuwa mkononi. Sikumrudishia, na hilo ndilo jambo la pekee nililolifanya sawasawa katika mchezo ule. Ningempa, kesho wangekuja wote kumi na tano kuchukua zawadi. Nilimpa mkono tu, mbele yao, nikamwita kwa jina lake kamili, akarudi kukaa na 52 zake na uso umemwiva. Nikaacha wacheke.

Nilirudia mchezo huo kila baada ya wiki kadhaa, kwa karatasi tofauti, ili wasijue lini. Mara ya pili walikuja wawili. Kuna mara hakuja mtu, hata yule mvulana, na nilipochungulia daftari lake nikakuta siku ile sikumwongezea yeye, kwa hiyo nilimwonea bure moyoni mwangu. Kufika Novemba walikuwa wanakuja tisa. Tisa kati ya kumi na tano, baada ya mwaka mzima, kwa mwalimu ambaye alikuwa na vitabu na chaki na hakuwa mgonjwa. Jaribu kwako, kisha niandikie mwisho wa muhula uniambie wamekuja wangapi.